Makokha na Kovu la Bakoki Wake

Makokha alikuwa na wivu, na hakuna haja ya kumsitiri. Kuna watu huonea wenzao wivu kwa sababu ya shamba, au ng'ombe wa gredi, au nyumba ya mawe. Yeye alimwonea Hesbon wivu kwa sababu ya kovu. Ndiyo, kovu la mtu aliyepasuliwa kifua, refu, lililoanzia mgongoni chini ya bega likazunguka ubavu hadi karibu na titi. Mtu mwenye akili timamu angeliona akamshukuru Mungu kwamba si lake. Makokha aliliona akalitaka.

Ili umwelewe, lazima kwanza ujue bakoki ni nani. Huku kwetu Bungoma, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja ni bakoki mpaka waingie kaburini. Makokha na Hesbon walisimama asubuhi moja ya Agosti, wametoka mtoni wamepakwa matope baridi, katika boma moja upande wa Kamukuywa. Hesbon alisimama wa kwanza, wala hakupepesa jicho. Makokha alisimama wa pili, naye hakupepesa, lakini vigelegele vingi vilikuwa vimeshaisha kwa yule wa kwanza. Wanawake walikuwa wamekauka koo, watu wangefanyaje? Makokha alikuwa mvulana tu, na bado aliliweka jambo hilo moyoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Roho zingine zimeumbwa hivyo.

Bakoki nao wana sheria zao. Bakoki wako anaweza kukutania mbele ya mkeo, akakutukana mbele ya wakwe zako, akanyakua nyama kwenye sahani yako, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, watu watauliza ulitahiriwa wapi. Utacheka hata kama ndani unaungua.

Walikua, wakaoa, kila mtu akashika yake. Hesbon akawa mnunuzi wa mahindi, anayatoa Moi's Bridge anayauza mpaka Lwakhakha. Makokha akawa na mashine ya kupukuchua mahindi, ile ya kuvutwa na trekta, na msimu wa mavuno anazunguka nayo mashamba ya Kitale akila vumbi. Mkewe, Peris, alimzalia watoto wanne. Kitindamimba ni Joy, msichana wa darasa la sita ambaye baba akiketi, na yeye keshaketi karibu.

Sasa, ugonjwa wenyewe. Hesbon aliwahi kuugua kifua kikuu zamani, akameza dawa, akapona. Lakini ugonjwa ulimwachia shimo upande wa kulia, juu kwenye pafu. Akaishi na lile shimo bila kujua. Miaka ikapita, na ndani ya shimo kukaota kuvu, wa ukoo mmoja na ule unaoharibu mahindi yaliyowekwa ghalani na unyevu. Siku moja akiwa sokoni Kamukuywa alianza kukohoa, na kikohozi hicho kikaja na damu, si ya kutia doa kwenye leso bali ya kujaza kikombe. Akakimbizwa Eldoret. Madaktari wakampiga picha, wakampima pumzi, wakamtembeza kwenye korido wakihesabu mapigo ya moyo, kisha wakampasua na kuondoa ile sehemu ya juu iliyooza. Akakaa na mrija ubavuni, unatiririka kwenye chupa, mpaka pafu lililobaki likajaza nafasi.

Makokha alielezwa haya yote. Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Alichobaki nacho ni neno moja: kisu.

Mwaka huohuo naye alikuwa ameanza kukohoa. Alikonda, usiku anatoa jasho mpaka shuka linalowa. Peris akamburuta hadi kliniki ya kifua Kitale, kwa daktari Chepkosgei, mama mpole mwenye macho makali. Makohozi yakapimwa, kikapatikana kifua kikuu. Watu wote wa nyumbani wakapimwa, wakawa salama. Makokha akapewa vidonge, akaambiwa atavimeza kila asubuhi kwa miezi sita, hata akijisikia nafuu. Na nafuu ilikuja haraka. Mwezi wa pili haujaisha, kikohozi kilikuwa kimekata, shati limeanza kumjaa tena, na kazi amerudia. Kitu pekee cha ajabu ni mkojo, ambao dawa ziliufanya rangi ya chungwa kama soda, na nyumba nzima ikacheka.

Angenyamaza hapo, angekuwa mzima wa afya leo. Lakini Hesbon akarudi kutoka Eldoret, na familia yake ikaandaa shukrani.

Ng'ombe alichinjwa. Mahema mawili yalisimamishwa. Mchungaji alihubiri, kwaya ikaimba, na wanaume wakapanga mstari kumwangalia Hesbon akiinua shati. Kila aliyeliona lile kovu alitikisa kichwa. Kisha mzee mmoja wa kanisa, Eliakim, akasimama na kusema kwamba boma lile lilikuwa na wanaume wengi, lakini aliyesimama mbele ya kisu mara mbili alikuwa mmoja tu. Watu wakapiga makofi. Wanawake, walewale au binti zao, wakapiga vigelegele.

Makokha alikuwa amekaa na sahani ya nyama kwenye magoti. Alisema kwa midomo kwamba Mungu ni mwema, lakini moyoni alikuwa anasema mengine kabisa. Si na yeye alikuwa mgonjwa wa kifua? Si na yeye alikonda akawa kama ufito? Mbona yeye hakuna aliyemchinjia hata kuku?

Hesbon akamwona. Akamsogelea polepole kwa sababu ubavu bado ulikuwa unamvuta, akamwekea mkono begani mbele ya watu, akasema, "Bakoki, wewe endelea tu na pipi zako. Sisi wengine tumeshasimama mara ya pili."

Hema lote likaangua kicheko. Makokha akacheka pia, akacheka kuwashinda wote, kwa sababu sheria ni sheria. Lakini usiombe kuona uso wa mtu anayecheka hivyo. Peris aliuona, akainamisha macho.

Tangu siku hiyo vidonge vikageuka sumu machoni mwake. Pipi! Mwanaume wa rika lile, aliyesimama bila kupepesa jicho, anapewa pipi na mkewe kila asubuhi kama mtoto wa chekechea. Alirudi Kitale akamwambia Chepkosgei kwamba anataka barua ya kwenda Eldoret kupasuliwa. Chepkosgei alidhani ni utani. Alipoona si utani, alimweleza taratibu kwamba upasuaji wa pafu ni njia ya mwisho, hufanywa pale dawa zinaposhindwa, au damu inapotishia uhai, au uvimbe unapopatikana ukiwa bado umekaa mahali pamoja, na kwamba yeye anapona vizuri bila kuguswa. Makokha alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Alipotoka nje alikuwa ameshaamua kwamba anabaguliwa. Ati Hesbon ana marafiki, ati Hesbon anajua kuongea na wakubwa. Yeye wa mashine ya mahindi atajuana na nani?

Wivu ukishaingia hivyo hauna breki. Peris akipeleka mayai kwa mgonjwa, Makokha anauliza kama siku hizi kuku wanataga kwa Hesbon. Kanisani Hesbon anasogezewa kiti chenye mto, na Makokha haisikii ibada, anaangalia mto. Mtu akimsalimia njiani na kumwuliza habari za bakoki wake, siku yake imeharibika. Hata mkewe akasema kwa bahati mbaya kwamba Hesbon ni shujaa, na Makokha akala chakula chake cha jioni ameupa ukuta uso.

Ndipo akapata wazo, na wazo lenyewe lingeweza kuingia tu kwenye kichwa cha mtu aliyefundishwa utotoni kwamba heshima ya mwanaume hupimwa mbele ya kisu. Alijiambia hivi: Hesbon alipasuliwa kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa mkubwa. Wa kwangu ni mdogo kwa sababu ya hizi pipi. Nikiziacha, utakua. Ukikua, watanipasua.

Basi kila asubuhi alipokea vidonge mkononi mwa Peris, akavitia mdomoni, akavificha chini ya ulimi, akanywa maji, kisha akaenda zake chooni kuvitema shimoni. Peris aliridhika kabisa. Angejuaje?

Miezi ikaenda. Mahindi yakakauka mashambani, kazi ya mashine ikaanza, na vumbi likaanza. Kikohozi kikarudi. Mtu mwingine angeshtuka. Makokha alijisikia kama mtu anayesubiri mgeni na sasa anasikia geti likifunguliwa. Alikohoa mbele za watu bila kuziba mdomo, kwa majivuno. Jioni Joy alikuja kukaa ubavuni mwake kama kawaida, akimsomea hadithi za shule, na baba alikohoa na mtoto akasoma. Ukimtajia leo jioni hizo, anainuka na kutoka nje.

Joy naye akaanza kukohoa. Akalalamika kwamba ubavu wa kushoto unamchoma akivuta pumzi. Peris akasema ni mafua ya vumbi la mavuno, akampa maji ya ndimu. Akili yote ya Makokha ilikuwa kwenye kifua chake mwenyewe.

Kisha asubuhi moja alikohoa kwenye leso, na leso ikawa na damu. Si nyingi, kijiko hivi. Sasa sikiliza alichofanya. Hakumwonyesha mkewe. Aliikunja ile leso vizuri, akaitia mfukoni, akavaa koti, akatembea hadi kwa Hesbon kumwonyesha. Alimkuta kwenye kiti nje ya nyumba akiota jua. Akaikunjua leso mbele yake kama mtu anayeonyesha cheti.

"Bakoki, umeona? Si hata mimi sasa nitasimama?"

Alingoja utani. Hesbon hakutania. Aliiangalia ile leso, akamwangalia yeye. Akaingia ndani kuchukua ufunguo wa pikapu yake, akamwambia aende akamlete Peris, na yule mtoto pia, kwa sababu Jumapili kanisani alimsikia akikohoa na hakupenda sauti ile.

Kitale, Chepkosgei alimwuliza maswali ya kawaida. Anakula vizuri? Analala? Dawa anameza? Makokha akasema anameza kila siku bila kukosa. Chepkosgei akaandika. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza mkojo wake siku hizi ni wa rangi gani.

"Wa kawaida tu, daktari. Kama maji."

Kalamu ikasimama. Peris akageuza kichwa polepole akamtazama mumewe, kwa sababu yeye pia alikumbuka ile rangi ya soda. Hakuna anayemeza dawa zile halafu akapata mkojo kama maji. Makokha akaona mwenyewe alivyojinasa. Alijaribu kujitetea, akakwama, mwishowe akasema yote, choo, ulimi, Hesbon, kisu, yote. Hesbon alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Hakuna aliyecheka.

Picha zikapigwa, ya baba na ya mtoto. Ya mtoto ilionyesha upande wa kushoto chini umekuwa mweupe, mahali ambapo pangepaswa kuwa na hewa. Chepkosgei akasema ni maji yamejaa nje ya pafu, na kwa jinsi anavyoona, ni ugonjwa uleule wa baba. Akawaandikia wote wawili waende Eldoret. Na hapa ndipo utakapojua wivu ni ugonjwa mbaya kuliko kifua. Neno Eldoret lilipotajwa, moyo wa Makokha uliruka kwa furaha. Uliruka wenyewe, kabla hajaukataza. Mwanawe amekaa pale anapumua nusu nusu, na yeye kuna mahali ndani yake palipokuwa panasherehekea.

Daktari wa upasuaji aliitwa Kemboi, ndiye aliyempasua Hesbon. Alibandika picha ya Makokha kwenye taa. Hakuhitaji kusoma sana ili aone. Hata Makokha aliona. Kulikuwa na madoa kulia, na kulikuwa na madoa kushoto.

"Mzee, wewe unataka nikate wapi?" akauliza daktari Kemboi. "Mwenzako ugonjwa wake ulijifungia chumba kimoja. Dawa haikuweza kuingia ndani ya lile shimo, damu ilikuwa inamuua, na nilipompima niliona mapafu yaliyobaki yatambeba. Wewe umeenea pande zote mbili. Nikianza kukata sitajua pa kuishia, na nikimaliza hutakuwa na cha kupumulia. Na dawa bado zinakufikia, vipimo vimeonyesha. Kisu ni cha mtu ambaye dawa zimeshindwa kumponya. Si cha mtu aliyezitupa chooni."

Makokha aliinamisha kichwa. Aibu ilimpanda. Lakini hata aibu ile haikupata nafasi ya kukaa, kwa sababu daktari alikuwa ameshabandika picha nyingine.

Alieleza kwamba maji ya Joy lazima yatolewe kwa sindano. Yakitoka mepesi, ni habari njema. Vidonge vitamaliza kazi. Yakitoka mazito, yakawa ni usaha ulioganda na kulizunguka pafu kama ganda la mua, basi dawa haitapenya na pafu halitafunguka, na itabidi wamfungue kifua walibandue lile ganda.

"Kisu?" akauliza Makokha.

"Ndiyo. Kama alivyofanyiwa mwenzako."

Na yule mwanaume aliyekuwa ameomba kisu kwa mdomo, kwa hila na kwa damu, akashika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili. "Usimkate, daktari. Nakuomba. Mpe tu vidonge."

Peris akasema, bila kupandisha sauti, "Leo ndiyo umejua vidonge?"

Mtoto akapelekwa ndani. Peris akaingia naye; Makokha akabaki kwenye benchi na Hesbon. Akamwuliza bakoki wake kile kitu ambacho hakuwa amewahi kumwuliza, kwamba kisu kile kikoje hasa. Hesbon akamjibu bila mzaha. Alimwambia kwamba ukiamka, mrija ule ubavuni unauma kila unapovuta pumzi, na huwezi kuacha kuvuta pumzi. Kwamba wanakulazimisha kukohoa wakati kukohoa ndiyo mauti yenyewe. Kwamba mpaka leo akipanda kilima kidogo anasimama njiani akijifanya anapokea simu. Kwamba siku ile ya shukrani alitania kuhusu pipi kwa sababu alikuwa anamwona Makokha amenenepa, anacheka, anabeba magunia, na yeye hawezi hata kuinua debe.

"Nilikuwa nakuonea wivu, bakoki," akasema Hesbon.

Makokha alisikia, lakini kila neno kuhusu mrija na ubavu alilisikia kwenye ubavu wa Joy. Akajikunja pale kwenye benchi akalia, mtu mzima na mvi zake, huku watu wanapita.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi alikuwa ameshika chupa yenye maji ya rangi ya chai nyepesi, yanayopitisha mwanga. Daktari Kemboi akatoka nyuma yake, akasema hakuna haja ya kumfungua mtoto. Vidonge vitatosha, akivimaliza vyote. Makokha akaushika tena mkono wa daktari. Hesbon akashukuru kwa niaba yake.

Siku chache baadaye walikuwa nyumbani. Asubuhi Peris alipanga mezani vikombe viwili vya maji na mafungu mawili ya vidonge, la baba na la mtoto, kisha akasimama palepale mikono kifuani. Siku hizi hasogei mpaka midomo yote imefunguliwa na kuangaliwa. Joy alivitazama vidonge vyake kwa kinyaa, akakichukua cha kwanza, kisha akamgeukia babake.

"Baba, dawa zako za kwanza ulimaliza?"

Makokha alimtazama mkewe. Mkewe hakumsaidia.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nazitupa."

"Kwa nini?"

Huyu ni mtu ambaye mdomo wake haujawahi kukosa neno sokoni wala kanisani. Alitafuta sababu ambayo mtoto wa darasa la sita angeweza kuielewa, akaanza kusema jina la Hesbon, akaliacha. Joy alikuwa bado ameshika kidonge chake, anamngojea.